Sura Juu ya Nguo: Maadili ya Picha ya Marehemu katika Mitaa ya Eastlands

Swali la kama ni halali mtu kuvaa sura ya mtu mwingine halijawashughulisha sana wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, kwa kuwa nguo waliyozoea kuichambua, yaani kanga, huvaliwa kwa maneno yake. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina hilo ndilo lililozaa mijadala mingi kuhusu fumbo na kijembe. Lakini katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni hadi Dandora na Kayole, nguo inayosomwa na wengi siku ya mazishi si kanga. Ni fulana yenye picha ya marehemu kifuani, jina lake chini ya picha, na miaka miwili iliyotenganishwa kwa kistari. Fulana hiyo ni matini, na kama matini nyingine yoyote yapaswa kuulizwa ni nani asemaye ndani yake, na kwa idhini ya nani.

Ufundi wenyewe haufai kupuuzwa, maana sehemu ya suala la maadili imejificha humo. Picha huletwa kwa simu. Kijana wa kompyuta huondoa kilichokuwa nyuma ya marehemu, pengine arusi, pengine meza ya baa, akabakiza kichwa na mabega. Baada ya hapo njia mbili zimeenea. Ya kwanza ni kuchapa picha kwenye karatasi yenye utando, kisha utando huo ukagandishwa juu ya nguo kwa mashine ya joto. Sura hukaa juu ya pamba bila kuingia ndani, na ikifuliwa mara kadhaa hupasuka na kubanduka, mara nyingi ikianzia pale nguo inapokunjwa. Njia ya pili hutumia wino ambao, ukipashwa joto la karibu nyuzijoto 200, hugeuka mvuke na kupenya kitambaa chenyewe. Sura iliyoingia hivyo haibanduki. Ila wino huo hushika poliesta; pamba huukataa. Ni kinaya cha aina yake kwamba pamba, ambayo ndiyo nguo ya sanda, haikubali kuimeza sura ya maiti, na kitambaa cha kiwandani kisichooza upesi ndicho kinachoihifadhi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya desturi hii ni la kidini, nalo lina mizizi mirefu Eastlands kwenyewe. Pumwani, mtaa uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ni makao ya kale ya Waislamu wa Nairobi, na kwa wengi wao nguo yenye sura ya kiumbe hai ni makuruhu kusalia. Yamkini msimamo huu ni mojawapo ya sababu za kanga kupendelea korosho, maua na majina kuliko nyuso. Zipo kanga zilizovunja mkondo huo, kama zile za mwaka 2008 zilizochapwa sura ya Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani. Hizo, hata hivyo, zilikuwa za shangwe, na mwenye sura alikuwa hai.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo halihitaji dini. Nguo huchakaa. Kanga huanza kama vazi la heshima, ikawa mbeleko, ikawa ya jikoni, ikaishia kuwa tambara, na hakuna anayeona kwamba imevunjiwa heshima kwa safari hiyo. Je, sura ya mama mzazi yaweza kupita njia hiyo hiyo? Anayepiga deki kwa fulana ya matanga ametenda nini hasa?

Jibu la haraka ni kwamba picha si mtu. Jibu hili ni sahihi na halitoshi. Jina la kanga ni la wote: mwanamke yeyote aweza kulinunua, akalielekeza kwa jirani, kisha akakana kwamba alimkusudia. Uwezo huo wa kukana ndio uhai wa fumbo. Sura haina uwezo huo. Haiwezi kumwelekea mwingine, wala mvaaji hawezi kusema alimaanisha mtu wa pili. Shaaban Robert alipomwombolezea mkewe Amina alimwita kwa jina, na msomaji aliyefiwa aweza kuliweka jina la wake mahali pa lile. Fulana ya picha haimpi msomaji nafasi hiyo. Kwa hiyo anayeivaa huingia katika uhusiano na mtu mmoja maalumu, asiyeweza tena kuridhia wala kukataa. Huo ni uhusiano wa amana.

Hoja ya amana husaidia kutenganisha mambo ambayo lawama za jumla huyachanganya. Si ajabu, katika marobota ya mitumba yanayofunguliwa Gikomba, kukutwa fulana ya ughaibuni yenye uso wa marehemu asiyejulikana na mtu yeyote Nairobi. Kijana anayeinunua kwa sababu ni nzito na ya bei nafuu hakuvunja amana, kwa kuwa hakukabidhiwa. Iliyovunjika ilivunjika mbali, pale nguo ilipotumbukizwa mfukoni pamoja na soksi. Mwanasiasa anayegharimia fulana za matanga kwa sharti kwamba jina lake lichapwe mgongoni ni jambo jingine kabisa. Huyo amemfanya marehemu kuwa upande wa mbele wa bango lake.

Yupo pia mama anayevaa sura ya mwanawe aliyepigwa risasi na polisi. Mathare na Dandora, wanaharakati na wazazi wamezitumia picha hizi katika maandamano kwa miaka mingi, na Mathare Social Justice Centre ilitoa mwaka 2017 ripoti kuhusu mauaji hayo. Picha inayopatikana kwa urahisi mara nyingi ni ile ya kitambulisho, iliyopigwa ili dola imjue mwenyewe. Mwafrika wa Nairobi ya kikoloni alilazimika kuvaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma, ili mwenye mamlaka amtambue alipotaka. Mama wa leo huivaa picha ya dola mahali pale pale, kifuani, akiitaka dola imtambue aliyemuua. Kumuuliza mama huyu kama mwanawe aliridhia ni kuuliza swali halali mahali pasipo pake: ridhaa ya kwanza iliyokosekana ni ya kuuawa.

Linabaki suala la uchakavu. Familia nyingi za Eastlands huzika ushago. Jeneza huenda, fulana hurudi mtaani, nayo huwa ndiyo kumbukumbu pekee inayoweza kushikwa karibu na nyumbani. Kuitupa ni kuipeleka kwenye jaa la Dandora. Suluhisho moja, ambalo mafundi wa kike wa mitaa hii wana ustadi nalo, ni kukata sehemu ya uso na kuiunga katika mfarishi wa viraka. Wazo hili si geni kama linavyoonekana: husimuliwa kwamba leso yenyewe ilianza pwani karne ya 19 kwa kuunganisha vitambaa sita. Nchini Marekani mfarishi wa kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI ulitandazwa Washington Oktoba 1987 ukiwa na vipande 1,920, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kaburi.

Mfarishi wa familia moja hauna tatizo kubwa, isipokuwa kwamba uso mmoja utajirudia mara ishirini, kwa kuwa fulana zote zilichapwa picha moja. Mfarishi wa mtaa ndio mgumu. Ndani yake, kijana aliyeuawa kwa tuhuma za wizi angeshonwa kando ya mwenye duka aliyeuawa na wezi, na mshono mmoja ungewashika wote wawili. Mama wa yule wa kwanza angeutaka mshono huo, pengine kuliko kitu kingine chochote. Mjane wa yule wa pili ana haki ya kuchukua kipande chake akaondoka, na hakuna fundi anayeweza kumwambia kwamba amekosea.