Pumzi, Dawa na Sala

Wazazi wengi Wakatoliki hujiuliza: mtoto wetu ameshikwa na ugonjwa wa hofu, na daktari amemshauri mazoezi ya yoga na kutafakari. Je, ni halali? Swali hilo si la kuchekwa, maana yoga ilizaliwa India, na huko tangu kale imefungamana na dini.

Basi, tutazame kwanza yanayofanyika hospitalini. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya majuma 8. Mgonjwa huketi kimya, huifuata pumzi yake ikiingia na kutoka, hunyosha viungo polepole. Wazo la hofu likimjia, haligombezi, huliacha lipite. Mazoezi hayo yametokana kwa sehemu kubwa na mapokeo ya Kibuddha, walakini mgonjwa hadaiwi imani yoyote. Mwaka 2022 waganga wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la watu 276 wenye ugonjwa wa hofu. Wengine walipewa mafunzo hayo, wengine dawa iitwayo escitalopram, na mafunzo hayakuzidiwa na dawa. Si jambo dogo. Lakini jaribio lilihusu hofu tu. Mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwapo asinyang'anywe vidonge vyake kwa ajili ya habari hii.

Kanisa nalo limekwisha kusema. Barua iliyotoka Roma tarehe 15 Oktoba 1989, yenye sahihi ya Kardinali Ratzinger, haikutaka njia za wengine zikataliwe kwa sababu tu si za Kikristo. Ilionya, hata hivyo, kwamba utulivu uletwao na mazoezi ya mwili usidhaniwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu.

Sisi twaona hatari kubwa zaidi mahali pengine. Wako walimu wa yoga wanaomwambia mgonjwa atupe dawa, na asipopona husema hakujitahidi. Nasi tusiwacheke upesi! Ni mara ngapi mwenye huzuni nzito ameambiwa katika mikutano yetu ya sala kwamba imani yake ni haba? Ugonjwa alikuwa nao. Sasa twamtwika na hatia.

Kwa hiyo wazazi wamwulize mwalimu mambo mawili kabla ya kumkabidhi mtoto. Je, yatamkiwa majina ya miungu? Na hali ikizidi kuwa mbaya, atamrudisha kwa daktari siku ileile? Akikubali la kwanza, wamwondoe mtoto. Akisitasita kwa la pili, wamwondoe vilevile.