Deni la Kifaa Mwilini

Novemba 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa ardhini wakiwa hai baada ya siku 41. Habari ya mende na vyura waliokula ilienea. Ya migongo ya wanaapolo wa Shinyanga na Geita haienei. Aliyeangukiwa na kifusi duarani, au aliyepanda miaka nenda miaka rudi na kiroba cha mawe begani, huweza kuunga mfupa na maumivu yakabaki. Nayo hayana shahidi ila mwenyewe.

Kifaa cha kuyatuliza kipo. Mwaka 1967, huko Marekani, daktari Norman Shealy alimpandikizia mgonjwa elektrodi kwenye ugwe wa mgongo, akifuata nadharia ya Melzack na Wall ya 1965, kwamba ndani ya ugwe mna mfano wa lango ambalo hisia nyingine huweza kulifungia maumivu. Kifaa cha leo ni kisanduku cha titaniamu chini ya ngozi, chenye betri na nyaya nyembamba zenye ncha za platinamu. Shida yake kubwa si umeme. Mgongo hautulii: mtu huinama, hujipinda, hunyanyua, waya ukihama milimita chache, msisimko hufika pasipouma. Waya hukatika, kidonda kikaingia vijidudu, na betri, hata ile ichajiwayo kupitia ngozini, ina mwisho wake, na mwisho huo ni kisu kingine.

Hapo suala la uhandisi hugeuka kuwa la haki. Husemwa, tena kwa wema, kuwa maskini naye apewe kilicho bora. Sawa, lakini kifaa hiki hakitolewi mara moja kama mkongojo. Kampuni ya Second Sight ya Marekani iliwawekea watu zaidi ya 350 jicho la kielektroniki. Fedha zilipopungua ikaacha kulihudumia, na baadhi yao wakabaki na chombo kilichozimika machoni. Wengi waliishi katika nchi tajiri.

Mwanaapolo wa Nyarugusu ana nini? Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limemwondolea kungoja kivuko akipelekwa Bugando, Mwanza. Si jambo dogo kwa aliyevunjika mgongo. Lakini hulipwa kwa mgao wa mawe, na mwenye duara huweza kuhama kabla betri haijaisha. Waya ukihama mwaka wa saba, nani ataitika? Mwenye duara? Serikali iliyotoza mrabaha? Mnunuzi wa dhahabu? Kumnyima kifaa kwa kuwa matunzo hayapo ni kumdhulumu; kumwekea kisha kumwacha ni kumdhulumu ndani ya mwili wake. Zikipatikana fedha, na zitengwe kwanza kwa fundi na daktari watakaokuwapo Mwanza mwaka wa kumi, ndipo kisanduku cha kwanza kinunuliwe.