Jumatano: Huruma Isiyongoja Matokeo

Soma Marko 6:30–34. Yesu aliwafanyia nini wanafunzi waliochoka? Aliuonaje umati uliowafuata?

Mwezi Agosti 1878 wamisionari Thomson na Edward Hore walifika Ujiji. Kabla Septemba haijaisha, Thomson alikuwa amefariki. Hore, aliyekuwa baharia, alibaki. Kwa miaka mingi alizunguka Ziwa Tanganyika kwa mashua akifanya urafiki na wenyeji, ingawa waongofu walikuwa haba.

Mwandiga haiko mbali na Ujiji. Huko pia mshiriki aweza kumtembelea mgonjwa yule yule kila Sabato bila kuona badiliko. Polepole anaanza kuhesabu ziara, wala hamwoni tena mtu. Mikono inaendelea na kazi, lakini moyo umekwisha kuondoka.

Yesu aliwaita watenda kazi wake kando wapumzike. Kisha, ijapokuwa pumziko lilikatizwa, aliwahurumia watu kwa sababu ya uhitaji wao, si kwa sababu ya matokeo. Anayepumzika kwake hujifunza kuona kama Yeye (Wagalatia 6:9).

Je, ni nani uliyeacha kumhurumia kwa kuwa habadiliki? Juma hili utamwendeaje?