Ukitumwa na Neno la Mwenzako

Nina swali moja wiki hii. Mtu akikupa maneno yake uyafikishe kwa mwingine, una ruhusa ya kuyarekebisha njiani?

Nitachukua mfano wa mbali kidogo. Mwaka wa 2014 kule Uingereza, albamu za bendi ya The Beatles zilitolewa upya kwa santuri, zile sahani nyeusi za kuchezwa kwa sindano. Kasha moja, sahani 14, zote za mono, yaani sauti moja isiyogawanywa kwa spika ya kulia na ya kushoto. Utauliza, mono ya nini siku hizi? Hata mimi niliuliza, na jibu lilinipa mambo matatu.

Kwanza, walichagua kile wenyewe walikubali. Albamu ya Sgt. Pepper ilipotengenezwa 1967, wanabendi walikaa studio mpaka sauti za mono zikapangwa wakaridhika. Zile za stereo zilipangwa baadaye na mafundi, wao wakiwa hawapo.

Pili, walirudi kwenye chanzo. Santuri za stereo za 2012 zilitokana na nakala za kompyuta. Hizi za 2014 zilikatwa kutoka kwa kanda zenyewe za zamani, bila kompyuta katikati. Mafundi walifuata maelezo yaliyoachwa na wenzao waliowatangulia, wakalinganisha kazi yao na santuri za kwanza.

Tatu, hawakutunga kile hakikuwako. Abbey Road ya 1969 inapendwa sana, lakini haimo kwenye kasha, manake haikuwahi kupangiwa sauti za mono. Ingekuwa rahisi kuunganisha pande mbili za stereo waite mono. Waliiacha nje.

Kuna atakayesema, kwani kurekebisha ni makosa? Si kanda kuukuu huwa na vumbi? Ni kweli, na vumbi lifutwe. Lakini vumbi lilikuja baadaye. Sauti ni ya mwenyewe.

Sasa tuje nyumbani. Dada yako anakutuma umwambie kaka yenu kwamba alimuumiza. Ukifika, unalainisha: "Amekusalimia, hana neno." Unaona umeleta amani, si ndio? Lakini kaka ataombaje msamaha kwa jeraha hajaambiwa? Na dada anangoja, akidhani ameshasikika. Yule anayetia chumvi tunamjua, tunamkemea. Huyu wa kulainisha tunamsifu, na yeye pia amemnyamazisha aliyemtuma.

Ni mbaya zaidi mwenye neno akiwa hayuko. Kufikia 2014, John Lennon na George Harrison walikuwa wameshafariki. Wasingeweza kusema, "Hapo si sisi." Ni hivyo hivyo na mzee aliyeacha neno kuhusu shamba. Kila mtoto analisimulia likiegemea upande wake kidogo, na marehemu hawezi kusimama kwenye kikao akatae. Kwa hivyo naamini asiyeweza kujitetea ndiye tunamdai uaminifu mkubwa zaidi.

Ukiona neno ulilopewa ni kali mno, rudi kwa mwenyewe umwombe alilainishe. Akikataa, libebe hivyo au mwambie atume mwingine. Na kabla hujafungua mdomo, jiulize: angekuwa amesimama hapa kando yangu, angesema hili ni lake?