Kijani cha Pemba Kina Wenyewe

Ukitoka Unguja ukashuka bandari ya Mkoani, kisiwani Pemba, kinachokushangaza kwanza ni vilima. Unguja ni tambarare. Pemba barabara hupanda ikashuka, bonde la mpunga huku, kilima cha mikarafuu kule, na kote ni kijani. Waarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani, na wafanyabiashara wa utalii wakalichukua jina hilo kama lilivyo. Mgeni akishuka garini husema, mashallah, Mungu kaumba!

Kaumba kweli. Lakini sehemu kubwa ya kijani kile ilipandwa kwa mikono. Mkarafuu si mwenyeji wa huku: kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia, nao ulifika Zanzibar karne ya 19. Sultani Sayyid Said akaushikia bango. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu ya Zanzibar ikawa ni ya Pemba hasa. Waliofyeka misitu na kuchimba mashimo wengi wao walikuwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria hadi 1897. Mandhari tunayoipiga picha kutoka dirisha la daladala ni jasho la watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kupanda.

Sehemu kubwa ya msitu wa kale uliosalia ni Ngezi, huko kaskazini magharibi, njia ya kwendea ufukwe wa Vumawimbi. Humo umo mpapindi, mti wa jamii ya michikichi usioota porini kwengine duniani. Wamo pia popo wa Pemba, wenye manyoya ya rangi ya kutu, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hufika kama mita moja na nusu. Zamani walikuwa kitoweo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 walibaki wachache mno, hadi wataalamu wakawahesabu miongoni mwa wanyama walio ukingoni mwa kutoweka. Ndipo vijiji vikaunda vilabu vya kuwalinda, na kijiji cha Kidike kikawa mahali pa wageni kwenda kuwatazama wakining'inia mchana kutwa. Leo wapo kwa maelfu. Watalii husifu mti na popo. Aliyeiacha nyama ikaruka zake hapigwi picha.

Msimu wa karafuu nenda vijijini, usikimbilie ufukweni. Nilikaa na bibi mmoja karibu na Wete akichambua. Hushika kishada, hukibana kwenye kiganja na kukizungusha mara moja. Karafuu humwagika kwenye jamvi, makonyo hubaki mkononi. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa utomvu. Mimi nilijaribu, nikaponda nusu. "Mwanangu," aliniambia bila kuninyanyulia uso, "hiyo si kazi ya kalamu." Kisha wingu likajitokeza upande wa bahari, na ua mzima ukasimama: watoto, wajukuu, jirani, kila mtu na ncha yake ya jamvi. Karafuu inayonyeshewa kabla ya kukauka huharibika, na bei yake hushuka. Juu mtini mambo ni mazito zaidi. Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika, na kila msimu wapo wachumaji wanaoanguka.

Sisi wa mjini tuna ugonjwa wa kuita kila palipo na miti "mapumziko". Anayepumzika ni mgeni.

Ombi langu kwa wanaowatembeza wageni ni dogo. Ziara ianzie uani, kwenye jamvi, ndipo Ngezi na Vumawimbi zifuate. Na kwa kuwa msituni hulipwa kiingilio, bibi naye alipwe kwa saa anayopoteza kuwafundisha watu kuzungusha kishada. Aitaje bei mwenyewe, na asipunguziwe.