Mwenendo wa Nje Si Ushahidi wa Moyo

Mahakama zetu zilirithi sheria za Uingereza, na ndani ya sheria hizo lilikuja neno "demeanour". Maana yake ni jinsi mtu anavyoonekana mbele za watu: uso wake, sauti yake, anavyosimama na anavyojibu. Sisi husema mwenendo. Je, hayo yanayoonekana yanatosha kutufanya tuseme tumemjua mtu?

Asili ya neno lenyewe inatusaidia. Waingereza walilitoa katika kitenzi cha Kifaransa cha kale, demener, yaani kuongoza. Nyuma yake kuna kitenzi cha Kilatini kilichomaanisha kutisha, kikaja kutumika kwa mchungaji anayeswaga mifugo kwa kelele. Mwishoni mwa karne ya 15, "demeanour" lilikwisha kuwa jina la namna mtu anavyojiongoza mwenyewe. Kwa asili yake, basi, neno hili halizungumzii siri ya moyo. Linazungumzia kazi ya kujitawala: hasira inarudishwa nyuma, woga unazuiwa, ulimi unashikwa.

Hapo ndipo hoja inapoanza. Ukimwona mtu ametulia, umejua kwamba anaweza kujitawala. Hujajua anatawala nini. Mwongo hodari huimudu kazi hiyo vizuri, na mkweli asiyezoea kutazamwa na watu huishindwa. Uso unaweza kuwa umekunjuliwa huku roho ina matundu.

Nchini Tanzania na Kenya, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai humtaka hakimu aandike yale anayoona ni ya maana kuhusu mwenendo wa shahidi. Sasa mfikirie mama wa kijijini anayepanda kizimbani kwa mara ya kwanza. Amelelewa akiambiwa kwamba mkubwa hakodolewi macho. Ameshika pindo la kanga, anatazama sakafu, anasita kabla ya kila jibu. Wakili akimkazia maswali, sauti inamkauka. Mmoja atasema huyu anaficha jambo. Mwingine, aliyelelewa kama yeye, ataona adabu tupu. Shahidi ni yuleyule, na hakuna neno lake hata moja lililobadilika.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu uwezo wa watu kutambua uongo bila msaada wa chombo chochote. Kwa wastani, watu walipatia mara 54 katika 100. Anayebahatisha tu hupata 50.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Shabani Daudi, ilisema kuwa mwenendo wa shahidi ni wa kupimwa na mahakama iliyomwona. Lakini ilionyesha kwamba kuna njia nyingine mbili za kupima ukweli wake: kutazama kama maelezo yake yanashikamana, na kuyalinganisha na ushahidi mwingine. Naziamini zaidi njia hizo mbili, kwa sababu zinapima alichosema mtu, wala hazimwadhibu kwa malezi yake au kwa woga wake.

Hata hivyo, sisemi mwenendo hauna thamani. Anayemjibu jirani kwa upole siku ambayo moyo wake una uchungu si mnafiki. Amejizuia ili uchungu wake usimwangukie asiyehusika, na huo ni wema halisi, hata kama moyoni bado anaungua. Tumsifu kwa alichotenda. Tusidai kwamba tumeona kilichomo ndani yake.

Hakimu, mwalimu, mwajiri, mzazi: sote tuna siku tunapoketi kumsikiliza mtu huku tumekwisha kumhukumu kwa macho. Tumwache amalize maneno yake, kisha tuyapime maneno hayo. Haki haiwezi kusimama juu ya sura ya mtu.