Mbele ya Mlango Wako

Tafakari ya juma katika majira ya Majilio. Masomo: Nehemia 3, Nehemia 8:9–12

Desemba inapoingia Bariadi, wengi wetu tunakuwa na jembe mkononi, si fedha. Mvua zimeshika, pamba inapandwa tangu katikati ya Novemba, mahindi yanadai palizi. Fedha ya pamba tuliyouza kwa chama chetu cha ushirika (AMCOS) katikati ya mwaka imekwisha siku nyingi kwa ada, madeni na matibabu. Ghalani chakula kimepungua na sokoni bei imepanda. Hapo ndipo Krismasi inapotukuta. Mabasi ya Dar es Salaam na Mwanza yanashusha wageni stendi ya Somanda, mafundi cherehani wanakesha na nguo za watoto, shule zimefungwa, na kila jioni unasikia kwaya zikifanya mazoezi ya mkesha.

Msimu huu maswali yanayoulizwa makanisani ni yale yale: vyombo vya muziki vitatoka wapi, pilau itapikwa wapi, mahema tutakodi mangapi. Ni maswali mema na lazima yajibiwe. Juma hili, hata hivyo, naomba tutangulize swali jingine: mtaa utakaoipokea sikukuu hiyo uko katika hali gani?

Nimechagua kitabu cha Nehemia, ambacho hatujazoea kukisoma wakati wa Majilio. Sura yake ya tatu wengi huiruka kwa sababu inaonekana ni majina matupu: fulani mwana wa fulani akatengeneza hapa, na baada yake fulani akatengeneza pale. Isomeni polepole. Ukuta wa Yerusalemu umebomoka, malango yameteketea, na Nehemia, mkuu aliyetumwa na mfalme, amefika. Lakini ukuta haukujengwa na mkuu peke yake. Wapo wafua dhahabu, yupo mtengeneza manukato, wapo wafanyabiashara, wapo makuhani. Shalumu, mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, anafika kazini pamoja na binti zake. Na wengi wanatajwa kwamba kila mmoja alitengeneza sehemu iliyoelekea nyumba yake mwenyewe. Meshulamu hakutajiwa nyumba, ametajiwa chumba tu, naye akajenga mbele ya chumba chake. Nasema hili kwa ajili yetu wapangaji, tuliozoea kusema kwamba uwanja ni wa mwenye nyumba.

Yupo pia Malkiya, mkuu wa mtaa wa Beth-hakeremu. Yeye alijenga Lango la Jaa, mahali pa kutolea taka za mji. Mtu mwenye cheo alichukua sehemu yenye harufu, akaiwekea milango, vyuma na makomeo. Biblia haikuona aibu kuliandika jina lake.

Kazi ilikwisha kwa siku 52. Ndipo, katika sura ya nane, watu wakakusanyika, wakasomewa torati, wakalia, wakaambiwa wasilie bali waende wakale vinono na kunywa vitamu, tena wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Angalieni mfuatano huo: kazi ya mji kwanza, kisha karamu, na karamu yenyewe haikuwa halali mpaka sahani imevuka kizingiti na kwenda kwa asiye nacho.

Sasa tuutazame mji wetu. Simiyu ilifanywa mkoa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Ni zaidi ya watu 550,000 walioongezeka ndani ya miaka 10, na Bariadi kama makao makuu imebeba sehemu ya uzito huo: ofisi, shule, hospitali ya rufaa, nyumba za kupanga zinazoota kila upande. Bariadi ilikuwa mmojawapo wa miji 18 iliyoingizwa katika mradi wa kuimarisha miji uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu aliyeondoka hapa zamani akija leo kwa Krismasi, anakuta lami mahali alipoacha tope. Tunashukuru, na kushukuru ni wajibu wa Mkristo.

Lakini lami huja na mitaro, na mitaro ndiyo inayotuumbua. Simama pembeni ya mtaro uliozibuka nusu, asubuhi baada ya mvua kubwa. Udongo wetu wa mbuga, mweusi, unashika chepeo hata inabidi uukwangue kwa kijiti. Chini yake zinatoka chupa za maji na soda, pampasi, maganda ya maembe maana ndio msimu wake, mabua ya mahindi, kandambili ya mtoto, na vile vifuko laini vya kufungia bidhaa vilivyobaki mitaani hata baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Hakuna hata kimoja kilicholetwa na TARURA, wakala wa barabara. Vyote vimetoka mikononi mwetu, na vimewekwa pale ambapo maji yalitakiwa kupita. Mvua ikija, maji yanatafuta njia nyingine, nayo mara nyingi ni mlango wa jirani aliyejenga bondeni.

Sisemi serikali isamehewe majukumu yake. Gari la taka lipite kwa ratiba inayojulikana, jalala liwe mahali panapofaa, kalavati lililovunjika litengenezwe kabla halijavunja mguu wa mtu. Tuna haki ya kuyadai hayo kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji na kwa diwani, na kikao cha mtaa ndicho mahali pake. Mkristo asiyehudhuria kikao cha mtaa kwa sababu eti ni mambo ya dunia amekosea. Tuna haki ya kudai maji pia. Mpango wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya zote tano za mkoa, yaani Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, uliidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, kupitia benki ya KfW ya Ujerumani. Mradi wa namna hiyo huchukua miaka. Mama mwenye ndoo kichwani anahitaji maji leo jioni, na mwenye kisima chenye maji ya kutosha asiipandishe bei ya ndoo kwa sababu wageni wa sikukuu wamefika.

Kwa nini nalisisitiza jambo hili katika ibada? Kwa sababu tumezika watu. Mwishoni mwa mwaka 2023 kuelekea Januari 2024, wakati wa mvua na wakati wa sikukuu, kipindupindu kiliingia mkoani kwetu. Mnajua ugonjwa huo ukoje. Mtu anaanza kuharisha usiku, asubuhi macho yameingia ndani na ngozi imekauka, na asipopewa maji yenye chumvi na sukari na kufikishwa kituo cha afya mapema, anaweza kufa ndani ya saa chache. Mgonjwa hukaa peke yake, na akifa, mazishi husimamiwa na watu wa afya: hakuna kuosha maiti nyumbani, hakuna chakula cha pamoja msibani. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa, tunaoomboleza kwa kukaa pamoja na kula pamoja, tunajua uchungu wa msiba wa namna hiyo. Choo kisicho na mfuniko, maji yasiyochemshwa na mikono isiyonawa kwa sabuni ndivyo vilivyofungua mlango. Basi kamati za chakula za mwaka huu zianze na ndoo yenye koki na sabuni, ndipo zije kwenye hesabu ya mchele.

Taifa letu limewahi kufundishwa kuiona sikukuu kwa jicho hilo. Mwaka 2015, kipindupindu kikiwa kimeenea nchini, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, akaifanya siku hiyo kuwa ya usafi, na yeye mwenyewe akaonekana akizoa taka jijini Dar es Salaam. Mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alielekeza shilingi milioni 960 zilizotengwa kwa sherehe hizo zikajenge mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shule 8. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu siasa. Mimi naona katika maamuzi hayo mawili jambo ambalo kanisa lilipaswa kuwa limelifundisha mapema zaidi.

Nasi Wasukuma hatukuhitaji kungoja amri. Wazee wanakumbuka basumba, vijana wa kijiji chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, walivyoitwa kulima shamba la mwenzao. Walikwenda kwa ngoma na majembe, na ujira wao ulikuwa chakula au mnyama, na karamu yao ilikuwa tamu kwa sababu migongo yao iliijua gharama yake. Vijana wetu wa leo wapo, wana nguvu, wana pikipiki na simu. Hawajaitwa ipasavyo. Kwaya ya vijana inayofanya mazoezi ya nyimbo 10 za Krismasi inaweza kuzibua mita 100 za mtaro, na ninaamini itaimba vizuri zaidi baadaye.

Nirudi kwa Nehemia, maana kuna jambo la watu wa Tekoa. Wakuu wao walikataa kuinamisha shingo kwa kazi ya Bwana, na aibu yao imeandikwa hadi leo. Lakini watu wa kawaida wa Tekoa walijenga sehemu yao, na tukisoma mbele tunawakuta tena: wamechukua sehemu ya pili, mahali pengine, ambapo hapakuwa mbele ya milango yao.

Hiyo sehemu ya pili ndiyo ninayowaomba. Katika kila mtaa wa mji huu na kila kijiji kuanzia Dutwa hadi Nkololo, yupo bibi anayeishi peke yake, au na mjukuu mmoja. Kibanda chake kimezungukwa na majani kwa sababu hana wa kuyafyeka. Macho yake ni mekundu. Yamekuwa mekundu kwa miaka ya moshi, kwa kupikia mabua na samadi kavu ndani ya jiko lisilo na dirisha. Nanyi mnajua, ingawa hatupendi kulisema madhabahuni, kwamba katika Kanda yetu ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho hayo, kwa neno la mpiga ramli na tamaa ya ndugu wanaotaka shamba. Watoto hufundishwa wasipite hapo. Tena Krismasi inapokuja na familia zinakutana kutoka mbali, ndipo manung'uniko ya ukoo yanapofufuliwa: nani alimloga nani, kwa nini fulani hakupata kazi.

Nakiri kama mchungaji kwamba sijui mahubiri yenye nguvu kuliko Wakristo watano waliobeba mafyekeo, wakaenda kwa bibi huyo mchana kweupe, wakamsalimu kwa heshima, “Mwadila, maayu,” wakafyeka uwanja wake, wakaziba tundu la paa, wakatoboa dirisha la jiko ili moshi utoke, na tarehe 25 wakarudi na sahani ya chakula, wakakaa wakala naye. Mtaa mzima utaona. Mwenye nia mbaya ataona kwamba bibi ana watu. Kwa wengine kitendo hicho kinaweza kuwa tofauti kati ya kuuona mwaka mpya na kutouona.

Kazi hii haina dhehebu. Maji machafu hayaulizi nani ni Mkatoliki, nani ni wa AICT, nani ni Mwislamu na nani angali anatambikia mababu zake. Mzungumze na majirani wote, na pale wanapokuwa na utaratibu wao wa Jumamosi ya usafi, jiungeni nao; msianzishe wa kwenu ili jina la kanisa lionekane. Nanyi mliokuja kutoka mijini kwa likizo, msikae tu vivulini mkisubiri kuhudumiwa na shemeji na mama. Vaeni gambuti mshuke mtaroni na vijana wa nyumbani.

Viwanja vya makanisa yetu pia vina milango. Mkesha ukiisha alfajiri, chupa na karatasi ziokotwe kabla kundi la mwisho halijaondoka, na spika zizimwe kwa saa tulizoruhusiwa. Jirani ana mgonjwa, ana mtoto mchanga, ana shamba la kuwahi kesho.

Kila jumuiya na kila kikundi cha nyumbani kifanye mambo mawili kabla ya Jumapili ijayo: kiandike jina la mtu mmoja katika mtaa wake ambaye hana wa kumfanyia usafi wala wa kumwandalia chakula, na kimpe mzee wa kanisa jina hilo. Jumamosi tunaanza saa moja asubuhi, kila mmoja mbele ya mlango wake, na kuanzia saa tatu tunakwenda kwenye sehemu ya pili. Mwenye chepeo au fyekeo aje nalo, na mwenye toroli au guta atujulishe mapema, kwa sababu taka tutakazozitoa mtaroni zinapaswa kuondolewa siku hiyo hiyo kabla mvua haijazirudisha.